Lihamba, Amandina

Amandina Lihamba (alizaliwa 1944) ni mwigizaji, mtunzi wa tamthilia, mwongozaji na mwalimu wa sanaa za maonyesho wa Tanzania, aliyeingia jukwaani katika zama za Azimio la Arusha, pale chama tawala kilipotaka kila sanaa iwe khadimu wa siasa ya Ujamaa.

Elimu

Alisoma Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na mwaka 1985 akapata shahada ya uzamivu Leeds, Uingereza, kwa utafiti wake juu ya siasa na maonyesho nchini Tanzania baada ya 1967.

Jukwaa la Ujamaa

Baada ya Azimio, ngonjera, ngoma na vichekesho vilienea mashuleni, majeshini na katika mashirika ya umma, hata ikawa ada kwa vikundi vingi kumlaki kiongozi kwa sifa na kumuaga kwa sifa. Lihamba na wenzake wa Chuo Kikuu hawakuipa siasa hiyo kisogo, lakini pia hawakuridhia kwamba kuipenda nchi ni kuisifu tu. Tamthilia yake Hawala ya Fedha (1980), iliyotokana na kazi ya Ousmane Sembène wa Senegal, inamwonyesha fukara anayezungushwa na makarani kwa ajili ya hawala iliyotumwa kwa jina lake. Na Harakati za Ukombozi (1982), aliyoitunga pamoja na Penina Mlama na Ndyanao Balisidya, inahoji kwa ujasiri kama ukombozi umemfikia mnyonge.

Malya

Katika nchi ya Usukuma jina lake limefungamana na kijiji cha Malya, wilayani Kwimba, kwenye njia ya reli iendayo Mwanza, ambako mwaka 1982 na 1983 yeye, Mlama na Eberhard Chambulikazi waliendesha mradi wa sanaa za maonyesho kwa maendeleo. Hawakuleta mchezo uliokwisha kuandikwa Dar es Salaam. Walikaa na wanakijiji, wakawauliza yanayowasibu, na lilipojitokeza suala zito la mimba za wasichana, wanakijiji wenyewe wakaligeuza kuwa mchezo na ngoma, kisha likajadiliwa hadharani, wazee na vijana wakisikilizana. Mkazi wa Buzuruga, Mwanza, aliyezoea kuviona vikundi vya ngoma vya Bagika na Bagalu vikishindana siku za sherehe ya Bulabo huko Kisesa na Bujora atafahamu upesi kwa nini njia hiyo ilipokewa, maana Wasukuma tangu kale husemana kwa ngoma. Kwa rai ya mwandishi wa makala hii, Malya ndiyo kazi yake adhimu kuliko zote.

Filamu

Alicheza katika Arusi ya Mariamu (1985), na katika Maangamizi (2001), ya Martin Mhando na Ron Mulvihill, akawa Samehe, mwanamke wa hospitali ya wagonjwa wa akili aliyenyamaza kwa miaka mingi: uigizaji mgumu, kwani mtazamaji hana budi kuyasoma macho na mikono kabla ya kusikia neno. Ilikuwa filamu ya kwanza ya Tanzania kupelekwa kuwania tuzo ya Oscar.

Baada ya chama kimoja

Tamthilia yake Mkutano wa Pili wa Ndege ilitoka 1992, mwaka uleule vyama vingi viliporuhusiwa. Pamoja na Mlama alianzisha mradi wa sanaa za maonyesho kwa watoto, na mwaka 2007 alikuwa miongoni mwa wahariri wa mkusanyo mkubwa wa maandishi ya wanawake wa Afrika ya Mashariki.