Kihori cha Upepo

Mashua ndogo ya tanga ikitia nanga katika hori ya Kilifi au ghuba ya Msasani, mwenyewe hubaki na kazi moja ambayo tanga haliiwezi: kufika pwani. Wakati wa bamvua, tofauti kati ya maji kujaa na kupwa hukaribia mita 4. Mashua yenye mkuku mrefu ikisogezwa karibu na mchanga itapwelewa na kulala ubavu. Kwa hiyo lazima pawe na chombo cha pili, kidogo, cha kuvusha watu, madumu ya maji, mkaa na kamba za akiba. Siku hizi wengi hununua kile kinachojazwa upepo. Lakini tukitaka kushauriana kwa Kiswahili kuhusu kipi kinunuliwe, tunakwama mapema, maana hatujakubaliana kinaitwaje.

Majina si haba. Dukani ni "boti ya mpira". Wapo wanaosema "zodiaki", kwa jina la Zodiac, kampuni ya Kifaransa iliyoanza mwaka 1896 kwa kuunda vyombo vya angani vilivyoelea kwa gesi, ikateremka majini katika miaka ya 1930. Wapo pia wanaosema "dingi", na hilo ni neno lililozunguka sana. Lilizaliwa Bara Hindi kama jina la mashua ndogo za mtoni, Waingereza wakalibeba, na sasa linataka kuturudia kupitia kwao ilhali Bara Hindi ni jirani yetu tangu enzi za pepo za kaskazi. Hata tukilipokea, vijana wa Nairobi na Dar es Salaam wamekwisha kulipa kazi nyingine: dingi ni baba. Kijana akisema amemfunga dingi kwa kamba nyuma ya mashua, atahitaji wakili. Neno la Waingereza la chombo kinachohudumia chombo kikubwa nalo lingetua kwetu kama "tenda", na tenda ni zabuni.

Ilhali neno tunalo. Hori, na udogo wake kihori, lina maana tatu: mkono wa bahari unaoingia nchi kavu, chombo cha kulishia ng'ombe, na mtumbwi. Ukizitazama, zote tatu zina umbo moja, kitu kirefu chenye tumbo wazi. Hori la majini lilijulikana magharibi yote ya Bahari ya Hindi. Waarabu huliita huri, na mengi yalichongwa kwa magogo ya Malabar. Jahazi lilikuja na hori lake, ama juu ya sitaha ama likilifungasa nyuma. Jahazi likitia nanga, hori ndilo lililomfikisha nahodha nchi kavu na kurudi na maji ya kunywa. Kazi hiyo hiyo ndiyo mwenye mashua wa leo anayonunulia boti ya mpira.

Tofauti ya majina haya mawili si ya mapambo. "Boti ya mpira" linasema kitu kimetengenezwa kwa nini, "kihori" linasema kinafanya nini. Mfaransa huita chombo hiki kiambatisho, Mjerumani huita boti ya kando, Mwingereza huita mhudumu, na hakuna kati yao aliyetaja mpira. Mnunuzi anayeanza na mpira huangalia urefu, rangi na bei. Anayeanza na kihori huuliza maswali ya kazi. Maji yakipwa, nani atakiburuta mita mia moja za mchanga na mawe? Tukisafiri kitakaa wapi? Kitavutwa kwa kasia dhidi ya kusi, au kila safari itataka petroli?

Maswali hayo yakishaulizwa, nusu ya uchaguzi imekwisha. Kipo kihori chenye tumbo gumu la faiba au alumini na maboya ya upepo pembeni, aina iliyoendelezwa katika chuo cha Atlantic College, Wales, katika miaka ya 1960. Hukata mawimbi vizuri na huenda kasi. Lakini hakikunjwi, kilo zake mara nyingi hupita 40 kabla ya mashine, na mashua ya mita 7 haina sitaha ya kukilaza. Kikifungaswa muda wote, huirudisha mashua nyuma, na bahari ikichafuka hugeuka mzigo wa hatari. Kile kinachokunjwa, cha mita 2.3 hadi 2.6, huwa na kilo kama 25. Watu wawili hukibeba bila kugombana, nacho kikikunjwa huingia ndani ya mfuko na kulala chini ya benchi.

Hapa linaingia neno upepo. Kwa Kiswahili sanifu cha darasani, kilichomo ndani ya mpira ni hewa, na upepo ni hewa inayokwenda. Mtaani hakuna anayejaza hewa. Tairi hujazwa upepo. Fundi huuliza "tukutilie ngapi?", nawe hujibu "thelathini". Mimi naliunga mkono neno la fundi, kwa sababu katika habari hii linafunua jambo: mashua na kihori chake huishi kwa upepo mmoja, huyu akiupokea kwenye tanga, huyu akiufungia tumboni. Mwaka 1952 daktari Mfaransa Alain Bombard alivuka Atlantiki, kutoka visiwa vya Canary hadi Barbados, kwa siku 65 ndani ya chombo cha aina hii chenye tanga. Upepo wa ndani ulimshikilia juu ya maji, upepo wa nje ukampeleka.

Upepo wa ndani wenyewe ni mchache kuliko watu wanavyodhani. Kwa kipimo cha fundi wa matairi, maboya ya pembeni hutaka 3 au 4 tu. Sakafu ya upepo hutaka 10 hadi 12, na hubaki bapa kwa kuwa nyuzi maelfu ndani yake hushika kitambaa cha juu na cha chini visiachane. Asubuhi ukijaza hadi mwisho, jua la saa sita litaupanua upepo huo na kuvitesa viungo vya gundi, itakubidi upunguze. Usiku kikipoa kitanywea kidogo, na hilo si pancha.

Nimesema maboya, lakini hilo silipendi. Boya huelea lenyewe mahali lilipofungwa. Mirija hii mikubwa ya pembeni ndiyo mwili wa chombo. Napendekeza viriba. Kiriba ni ngozi iliyoshonwa ya kuwekea maji, na ngozi hiyo hiyo ikipulizwa huelea. Katika michongo ya kasri la mfalme Ashurnasirpal II huko Nimrud, ya karne ya 9 kabla ya Kristo, askari wa Ashuru wanavuka mto wakiwa wamekumbatia viriba vilivyopulizwa. Basi kihori cha upepo kina viriba viwili, vitatu au zaidi, na kila kimoja hufungwa peke yake ili kimoja kikitoboka vingine vikubebe hadi pwani. Kamwe usinunue chenye kiriba kimoja.

Si kila neno la kale linyooshwe, hata hivyo. Sakafu nyingi za bei nafuu ni vibao vilivyopangwa kukingama, na mtu anaweza kushawishika kuviita mataruma. Havistahili. Taruma hubeba mbao za ubavu, vibao hivi hubeba nyayo. Tuviache viwe vibao. Mkuku ni habari nyingine. Chini ya sakafu, aina bora huwa na kiriba chembamba kinachovimba na kufanya mstari chini ya tumbo. Kwa fundi wa vyombo, mkuku ndio mti wa kwanza kulazwa chini, na "mkuku wa upepo" lingemchekesha. Kazi yake, lakini, ni ile ile: kukishika chombo kisiteleze ubavu. Asiye nao ataona maana yake akianza kuvuta kasia. Dau la mnyonge haliendi joshi, na kihori cha upepo kisicho na mkuku kina unyonge zaidi ya dau: ni chepesi, ubavu wake unakamata pepo zote, na chini hakuna kinachoshika maji. Kagua basi vishwara, vile vitanzi au vishikio vya kasia. Vikiwa vya mapambo tu, umenunua chombo kinachotegemea mashine. Mashine ya farasi 2 au 3 ina kilo 13 hadi 18, nazo lazima uzinyanyue kutoka mashuani hadi chini kwenye ubao wa nyuma kila mara.

Mahali ambapo jina la mwili lina haki yake ni kwenye kitambaa, na hapo ndipo "boti ya mpira" linapodanganya. Vihori vingi vya bei nafuu ni vya PVC, ambayo ni plastiki. Ni vyepesi, na kiwandani viungo vyake mara nyingi huchomewa kwa joto, lakini jua letu huvifanya vinate na kuchoka mapema. Aina ya pili ni mpira kweli, unaojulikana kwa jina la Hypalon. Hilo lilikuwa jina la biashara la DuPont, iliyoacha kuutengeneza mwaka 2010. Wengine wanaendelea, na jina limebaki. Hugharimu zaidi na huvumilia jua miaka mingi zaidi. Gundi ya PVC haishiki vizuri Hypalon, wala ya Hypalon haishiki vizuri PVC, na solusheni ya baiskeli haitoshi kwa yoyote kati yake. Ukimwambia fundi "boti ya mpira imepasuka", umemnyima habari pekee aliyohitaji. Chombo kizima kiitwe kwa kazi yake, kitambaa kiitwe kwa jina lake halisi.

Kwa mashua ya mita 7 inayolala horini, ningeandika hivi: kihori cha upepo, mita 2.4, Hypalon kama fedha ipo, viriba visivyopungua viwili, mkuku wa upepo, vishwara imara, mashine ya farasi 2. Nahodha wa jahazi akisomewa orodha hiyo atauliza maana ya neno moja tu, Hypalon. Kwa yaliyobaki atataka kujua bei, kisha aanze kubisha.