Kwa nini 4 na si 0?

Wadau, wiki hii darasani tumeanza kuseti moduli za analogi, zile zinazopokea joto la vyumba na kuamuru vali za kiyoyozi. Swali lililozua kelele: kwa nini waya wa kihisi unaanzia miliampia 4 na si 0? Jibu ni historia tupu.

Mwaka 1883 Warren Johnson, mwalimu wa chuo cha ualimu Whitewater, Wisconsin, Marekani, alipata hataza ya kidhibiti joto cha umeme. Kabla ya hapo mhudumu alizunguka madarasani kujua wapi kuna baridi. Cha Johnson kilipiga kengele kule chini kwenye boila, basi.

Baadaye majengo yakaendeshwa kwa hewa ya kushindiliwa, paundi 3 hadi 15 kwa inchi ya mraba. Hapo kwenye 3 ndipo penye akili! Bomba likipasuka, geji inaanguka hadi 0, fundi anajua ni uharibifu, si baridi. Umeme ukairithi akili hiyohiyo: miliampia 4 hadi 20. Gawanyeni wenyewe: 15 kwa 3 ni 5, 20 kwa 4 ni 5.

Sasa chukua kihisi cha nyuzi 0 hadi 50. Chumba kikiwa 25, waya unabeba miliampia 12. Ukiseti moduli 0 hadi 20, skrini inasema 30. Na waya ukikatika inasoma 0, tena bila king'ora. Watu wanatoka jasho, mtambo unadhani ukumbini kuna barafu, umejizimia zake.