Mkaguzi wa Diski Stima Irudipo

Katika Obunga, mtaa wa Kisumu uliopata sifa kwa akina mama wanaokaanga mgongo wazi, yaani mifupa ya mbuta iliyokwisha kutolewa minofu viwandani, stima hukatika bila taarifa. Na kinachodhurika ndani ya kompyuta aghalabu si chombo chenyewe bali ni hesabu ya mafaili iliyokatizwa ikiandikwa. Jioni moja, katika kibanda cha mabati, niliona maandishi meupe yakiteremka juu ya kioo cheusi, yakasimama penye neno fsck, na mwenye duka akatusihi tusiguse swichi mpaka ukaguzi utimie.

Neno hilo lina nasaba yake. Unix ya awali ilikuwa na programu mbalimbali za ukaguzi, kama icheck na dcheck, hata mwishoni mwa miaka ya 1970 T. J. Kowalski wa Bell Labs alipoukusanya ukaguzi huo katika programu moja, fsck, ambayo baadaye Marshall Kirk McKusick wa Berkeley aliitengeneza upya ipatane na mfumo mpya wa mafaili.

Linux ilipozaliwa mwaka 1991 ilitumia mfumo wa mafaili wa Minix. Rémy Card akaleta ext mwaka 1992, na ext2 mwaka uliofuata. Kwa kuwa mifumo ilizidi kuongezeka, fsck ya Linux ikafanywa bawabu: husoma daftari la /etc/fstab, ikajua aina ya kila diski, kisha ikamwita mkaguzi wake mahsusi na kumkabidhi yale maagizo ambayo yenyewe haiyafahamu.

Hapo ndipo penye hatari, nami nataka msomaji apatazame kwa makini, kwani herufi ni ile ile ilhali maana imekhitilafiana. Kwa mkaguzi wa ext, -f ni kulazimisha ukaguzi hata diski ikidhaniwa salama. Kwa mkaguzi wa vfat, mfumo wa flashi nyingi, -f ni kuziokoa sehemu zisizo na mwenyewe na kuzifanya mafaili. Kadhalika -a: mkaguzi wa ext huichukua kuwa sawa na -p, akarekebisha yaliyo salama tu bila kuuliza, lakini kwa wakaguzi wengine ni ruhusa ya kurekebisha lolote. Ama XFS, iliyoasisiwa na Silicon Graphics, fsck.xfs yake kwa kawaida haifanyi kitu wakati wa kuwaka. Marekebisho huachiwa xfs_repair, inayoendeshwa kwa mkono.

Ext3, iliyoingia katika kiini cha Linux mwaka 2001 pamoja na daftari lake la matukio, ilipunguza sana saa za kungoja. Wala haikuondoa haja ya ukaguzi. Tarehe 7 Juni 2016 tumbili mmoja alianguka juu ya transfoma katika kituo cha umeme cha Gitaru na Kenya nzima ikaingia gizani. Mashine ngapi siku ile zilizimika zikiandika!

Basi ewe mwenye Linux, ifungue leo /etc/fstab, uitazame safu ya sita: diski ya mzizi ipewe 1, diski nyingine za ext4 zipewe 2, kwa maana penye 0 hakuna mkaguzi atakayeitwa stima itakaporudi.