Kiti cha Pili

Mlima Kenya hufunga mapema. Alfajiri njema kilele cha Batian, mita 5,199, huonekana hata kutoka Nairobi. Ikikaribia saa tano mara nyingi mawingu yamekwisha kukimeza. Ndiyo maana marubani wa ndege ndogo pale Uwanja wa Wilson, Nairobi, wakiamua kuruka kwa raha zao, hupenda kwenda kunywa chai ya asubuhi. Mimi na rafiki yangu rubani huelekea Nanyuki kwa Cessna 172. Safari haifiki saa moja. Mkahawa uko pembeni mwa kiwanja chenyewe: injini ikizimwa, ni hatua chache tu hadi kwenye mayai na chai ya maziwa.

Kinachotuharakisha si mawingu peke yake. Kiwanja cha Nanyuki kiko mita 1,900 hivi juu ya usawa wa bahari, na hewa ya huko ni nyepesi. Injini ya kawaida isiyo na turbo hupoteza karibu sehemu moja ya tano ya nguvu zake. Jua likipandisha joto hadi nyuzi 25, ndege huhangaika kana kwamba inaruka kutoka mita 2,700. Asubuhi hewa ni baridi, imetulia, na mabawa yanapata cha kushika. Rafiki yangu hana mchezo na hesabu hiyo. Nimemwona akiacha chai nusu kikombe.

Mazoea haya ya kuruka kwa starehe yana umri mkubwa. Aero Club of East Africa ilianzishwa mwaka 1927. Miaka miwili baadaye Florence Kerr Wilson, mjane aliyependa usafiri wa anga kuliko wanaume wengi wa zama zake, alifungua Wilson Airways akiwa na ndege moja aina ya Gipsy Moth, na Tom Campbell Black akiwa rubani. Kiwanja kilichojulikana kama Nairobi West kilikuja kupewa jina lake mwaka 1962. Mama huyo anastahili kukumbukwa zaidi ya hapo.

Gipsy Moth ilikuwa mbao na kitambaa, yenye injini ya nguvu farasi 100. Petroli ililetwa kwa madebe, ikachujwa kwa ngozi laini ili maji yasiingie tangini. Ndege yenyewe ilikuwa na viti viwili tu, vyote wazi kwa upepo: rubani nyuma, abiria mbele, wakisemeshana kwa bomba la mpira. Kwa hiyo kila safari ilikuwa na swali moja: nani anakaa kile kiti kingine?

Mwandishi Karen Blixen alikikalia. Rafiki yake rubani, Denys Finch Hatton, alikuwa akimchukua kutoka shamba lake la kahawa chini ya Ngong, na katika kitabu chake *Out of Africa* Blixen anasimulia walivyotua ufukweni mwa Ziwa Natron, wakala chakula cha mchana kivulini mwa bawa, joto likiichemsha bia yao. Nimeipenda sana sehemu ile. Lakini kila ninapoisoma namkumbuka abiria mwingine.

Mnamo Mei 14, 1931, Finch Hatton aliruka kutoka Voi, alikokwenda kutafuta tembo kutoka angani. Ndege ilianguka papo hapo na kuwaka moto. Yeye alizikwa kwenye vilima vya Ngong, akawekewa mnara wa ukumbusho, na wageni hupelekwa kuuona hadi leo. Katika kile kiti kingine alikuwa mtumishi wake Mkikuyu. Vitabu nilivyosoma humwita Kamau tu, kisha vinaendelea na huzuni ya Wazungu.

Nalisema hili kwa uchungu, kwa sababu mimi pia ni abiria. Najua maana ya kufunga mkanda huku uhai wako umeuweka mikononi mwa mwenzio. Finch Hatton alijiamini mwenyewe. Kamau alilazimika kumwamini mtu mwingine, na mtu huyo alikuwa bwana wake, si rafiki aliyemwalika chai. Huo nao ni ujasiri. Panapoandikwa jina la rubani yule, kwenye kitabu au kwenye jiwe, la Kamau liandikwe kando yake.