Bafle ya nyumbani: usinunue namba ya ku karto

Ku soko la Baraka, mtu anayetafuta bafle ya kusikilizia muziki nyumbani anaonyeshwa kwanza namba. Wati 1000, wati 3000, na mashine yenyewe inabebwa na mkono mmoja. Mara nyingi hiyo ni PMPO, hesabu ya nguvu ya kitambo kidogo sana, ambayo kila mtengenezaji anaipima anavyotaka. Ya kuulizia ni RMS, yaani nguvu ambayo bafle inavumilia muda mrefu. Tena kuna njia rahisi: geuza mashine, soma karibu na tundu la waya. Ikiandikwa 12 V na 2 A, kwa waya huo haipati zaidi ya wati 24, hata karto iseme nini.

Kwa jamaa nyingi za Fizi na Baraka, swali kubwa si sauti, ni batri. Nyumba inayoishi na sola inagawa kurenti ile ile kwa taa, simu na muziki. Batri ndogo ya asidi ya 12 V na 7 Ah inabeba wati-saa 84 hivi. Lakini batri ya aina hii haipendi kumalizwa. Ukitaka idumu, tumia nusu tu, yaani 42. Ampli inayovuta wati 20 itaimaliza hiyo nusu kwa saa mbili, na watoto watasoma gizani. Kwa hiyo mashine inayokubali 12 V moja kwa moja ni bora kuliko ile inayodai 220, kwa sababu konvertisa nayo inakula sehemu ya kurenti.

Ndiyo maana kipimo kinachosahaulika, cha dB kwa wati moja kwa umbali wa mita moja, kina faida sana hapa. Kinaonyesha bafle inatoa sauti kiasi gani kwa nguvu ndogo. Bafle ya 91 dB inasikika sawa na ya 88 dB huku ikitumia nusu ya wati. Hiyo ni akiba ya batri kila usiku.

Wengine wanachukua spika za gari na kumpa seremala kazi ya sanduku. Ni wazo zuri, mbao nzito inasaidia besi kuliko plastiki. Hatari iko ku waya. Spika nyingi za gari ni za omu 4. Ukifunga mbili sambamba, zinakuwa omu 2, na ampli isiyotengenezwa kwa hiyo inapata moto hadi kuungua. Ukizifunga kwa kufuatana, zinakuwa omu 8, na ampli inapumua.

Kabla ya kutoa franga, omba kujaribu kwa wimbo unaoujua vizuri. Rumba ya Kongo, iliyoingizwa na UNESCO mu urithi wa utamaduni usioshikika wa binadamu mwaka 2021, inafaa sana kwa jaribio hili: gita la solo, mi-solo na la akompanyama vinapaswa kusikika kila kimoja peke yake, na besi isifunike mwimbaji. Kisha sikiliza mtu anayesoma habari ku redio. Maneno yakisikika kama yanatoka ndani ya pipa, acha hiyo mashine. Pandisha sauti pia. Ikianza kukwaruza kabla ya nusu, haina nguvu inayodaiwa. Ila chunga: wimbo uliokopiwa vibaya ku flashi utakwaruza hata kwa bafle ya bei kali.

Nyumbani, kona ya chumba inaongeza besi, wakati mwingine kupita kiasi; isogeze kidogo mbele. Chini ya mabati, mvua ikinyesha, hakuna bafle itakayoshinda, na kuipandisha ni kuchosha batri bure. OMS inashauri mtu mzima asipitishe saa 40 kwa wiki akisikiliza kwa 80 dB. Na jirani naye ana masikio, hasa saa nne ya usiku.