Viatu vya baiskeli: Vya barabarani au vya traiathloni?

MNAMO Agosti 4, 2012, wanawake wawili walifika mwisho wa mashindano ya traiathloni ya Olimpiki jijini London wakiwa bega kwa bega. Nicola Spirig wa Uswisi na Lisa Nordén wa Uswidi walikuwa wameogelea kilomita 1.5, wakaendesha baiskeli takriban kilomita 43 na kukimbia kilomita 10, na bado wote wawili wakaandikiwa muda uleule: saa 1, dakika 59 na sekunde 48. Ilibidi waamuzi waitazame picha ya mstari wa mwisho ndipo Spirig akatawazwa bingwa.

Katika mchezo wa namna hiyo, sekunde chache ambazo mshindani anapoteza akihangaika na kiatu zaweza kumnyima nishani ya dhahabu. Ndiyo maana kuna viatu vya baiskeli vilivyoundwa mahsusi kwa traiathloni. Kwa mbali havitofautiani sana na viatu vya mwendeshaji wa kawaida wa barabarani, ila vimetengenezwa kwa kuzingatia jambo moja zaidi: kuvaliwa na kuvuliwa upesi.

Suala hili si geni tena katika ukanda huu. Tangu 2022 mashindano ya traiathloni ya Ironman 70.3 yamekuwa yakiandaliwa mjini Rubavu, Rwanda, ufuoni mwa Ziwa Kivu, ambako washiriki huogelea kilomita 1.9, huendesha baiskeli kilomita 90 na kumalizia kwa kukimbia kilomita 21.1. Septemba 2025, Kigali nayo ikawa mji wa kwanza barani Afrika kuandaa mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani.

Mkenya anayevutiwa na michezo hii miwili, akiingia dukani, huoneshwa viatu vya aina zote mbili. Bei yake si ya kutupa, na ni wachache wanaoweza kumudu kununua jozi mbili kwa mpigo. Sharti achague.

Kabla ya kuzitazama tofauti, yafaa ieleweke kwamba viatu hivi vina mengi yanayofanana. Vyote vina soli ngumu isiyopindika, ya nailoni au ya nyuzi za kaboni, ili nguvu za mguu zifike kwenye pedali bila kupotelea katika kiatu kinachojikunja. Chini ya soli kuna matundu, aghalabu matatu, ya kufungia kishikizo cha plastiki kinachonasa kwenye pedali. Ili kujinasua, mwendeshaji huzungusha kisigino kuelekea nje.

Mtindo huo wa kunasisha kiatu ulienea baada ya kampuni ya Look ya Ufaransa kuanza kuuza pedali zake mnamo 1984. Mwaka uliofuata, Bernard Hinault alishinda Tour de France akizitumia, na polepole waendeshaji wakaachana na mikanda ya ngozi waliyokuwa wakifungia miguu.

Kwa hivyo, anayedhani kwamba kiatu cha traiathloni kitamwongezea kasi awapo barabarani anajidanganya. Ikiwa soli ni ya aina moja na kiatu kinamkaa sawasawa, mguu hautambui tofauti yoyote.

Tofauti zimo sehemu ya juu. Kiatu cha barabarani hufungwa kwa kamba, kwa mikanda miwili au mitatu ya velkro, au kwa kitufe cha kuzungusha kinachokaza waya mwembamba. Lengo ni kuubana mguu sawia, kuanzia vidoleni hadi kwenye kifundo, kwa saa nyingi. Kufunga huko huchukua muda, lakini mwendeshaji wa barabarani hana haraka. Huvaa viatu vyake akiwa ameketi na kuvivua safari ikiisha.

Kiatu cha traiathloni huwa na mkanda mmoja au miwili tu, mipana, ambayo mtu aweza kuikaza kwa mkono mmoja huku baiskeli ikienda. Katika viatu vingi vya aina hii mkanda mkuu hufunguka kuelekea nje. Hili laweza kuonekana dogo, lakini lina maana kubwa: mkanda ukifunguka kuelekea ndani, ncha yake huning'inia karibu na mnyororo na mkono wa pedali, na hapo ajali haiko mbali.

Nyuma ya kisigino kuna kitanzi cha kuvutia kiatu. Ndani, kitambaa huwa laini na chenye mishono michache, kwa kuwa wengi huvivaa bila soksi na kwa miguu iliyotoka majini. Kiatu pia huwa na matundu mengi ya kupitisha hewa na kuondoa maji.

Faida ya hayo yote huonekana katika eneo la kubadilishia, pale mshindani anapotoka majini na kuichukua baiskeli. Washindani wenye uzoefu huacha viatu vikiwa vimenaswa tayari kwenye pedali, vikishikiliwa visipinduke kwa vipira vyembamba vilivyopitishwa kwenye kile kitanzi cha kisigino na kufungwa kwenye baiskeli. Mshindani hufunga helmeti kwanza, kisha hukimbia peku akiisukuma baiskeli hadi avuke mstari wa kupandia. Huruka juu ya kiti, akaweka nyayo juu ya viatu na kuanza kukanyaga. Vipira hukatika vyenyewe. Baada ya kushika kasi ndipo huingiza mguu mmoja, kisha wa pili.

Akirejea, hufanya kinyume chake. Hufungua mikanda mita mia kadhaa kabla ya mwisho, huchomoa miguu na kushuka peku, viatu vikibaki kwenye pedali.

Ni ufundi unaohitaji mazoezi, na anayeuparamia siku ya mashindano huanguka mbele ya umati. Hata mabingwa huteleza. Katika mashindano ya wanaume ya London 2012, Jonathan Brownlee wa Uingereza aliadhibiwa kusimama sekunde 15 kwa kuipanda baiskeli mapema mno. Alimaliza wa tatu.

Je, nani hasa anahitaji kiatu cha traiathloni? Jibu la wazi ni mshindani wa masafa mafupi, hususan yale ya Olimpiki, ambako sheria huruhusu wanaoongoza kuendesha wakiwa kundi. Humo, anayechelewa sekunde kumi katika eneo la kubadilishia hulikosa kundi, na akilikosa, hulazimika kupambana na upepo peke yake kwa kilomita 40. Sekunde kumi hugeuka dakika nzima. Kwa mtu huyo, kiatu cha barabarani chenye kamba ni mzigo.

Mambo ni tofauti katika masafa marefu. Mshiriki wa kawaida wa Rubavu hukaa juu ya baiskeli kwa takribani saa tatu au zaidi, tena katika nchi ya milima. Anachookoa kwa kuvaa kiatu upesi ni kidogo mno kikilinganishwa na atakachopoteza iwapo mguu utakufa ganzi au kuota malengelenge, ilhali bado anangojewa na kilomita 21 za kukimbia. Huyo afadhali aketi chini, ajifute miguu, avae soksi na kuvifunga viatu vyake vya barabarani bila pupa. Hakuna sheria inayomkataza.

Kuna pia suala la siku za kawaida, ambalo wauzaji hawapendi kulizungumzia. Mtu anayeshiriki traiathloni mara mbili kwa mwaka hufanya mazoezi ya baiskeli pengine mara tatu kwa wiki. Kiatu chenye matundu mengi ni raha mchana jijini Mombasa, lakini asubuhi ya Julai huko Limuru, penye ukungu na manyunyu, huwa ni adhabu kwa vidole. Isitoshe, mkanda mmoja hauwezi kuubana mguu mwembamba au wenye unyayo wa juu kwa ustadi wa mikanda mitatu, na mwendeshaji anapopanda mlima akiwa wima huhisi kisigino kikichomoka.

Kwa sababu hizo, mwenye uwezo wa kununua jozi moja tu, na ambaye hawanii nishani, hatajutia viatu vya barabarani vinavyofungwa kwa velkro. Havina ugumu mwingi wa kuvaa, vinafaa kwa mazoezi na kwa mbio, na fundi viatu yeyote aweza kuvishonea kitanzi kisiginoni. Kasoro yake ni ule mkanda unaofunguka kuelekea ndani, kwa hivyo asijaribu kuvivaa baiskeli ikiwa mwendoni.

Wanunuzi wa mitumba wana tahadhari yao. Kiatu chaweza kuwa kizuri lakini kikawa na kishikizo kisichooana na pedali za mnunuzi, kwani kishikizo cha Look hakinasi vyema kwenye pedali za Shimano. Rangi nazo hupotosha. Kishikizo chekundu cha Shimano SPD-SL hakiruhusu mguu kucheza hata kidogo, cha buluu huruhusu nyuzi 2, na cha manjano nyuzi 6. Kwa Look Keo, cheusi ndicho kisichocheza, cha kijivu huruhusu nyuzi 4.5, na chekundu nyuzi 9. Anayeanza aepuke vile visivyocheza kabisa, kwa kuwa huweza kuyaumiza magoti endapo vimefungwa upande. Vishikizo huuzwa peke yake, hivyo kiatu kizuri kisikataliwe kwa sababu ya kishikizo kilicholika.

Kiatu kijaribiwe jioni, wakati miguu imevimba kidogo kama inavyovimba safarini. Cha barabarani kijaribiwe kwa soksi zilezile za kuendeshea. Cha traiathloni kijaribiwe peku, na mnunuzi apitishe vidole ndani akitafuta mshono unaokwaruza. Kisigino kisichomoke, na vidole viweze kujongea. Soli hizi hazilegei kwa kuvaliwa kama za viatu vya ngozi, na kiatu kinachobana dukani kitaendelea kubana barabarani.