Pikipiki ya Tajiri: kutoka Muhogo Mchungu hadi Wezi wa Bodaboda

Wadau, kuna filamu moja ya Uganda ambayo kila dereva wa bodaboda nchini angeifahamu kama ingepata bahati ya kupita kwenye vibanda umiza vyetu. Inaitwa Abaabi ba Boda Boda, yaani wezi wa bodaboda. Aliyeiongoza ni Donald Mugisha, akiwa na wenzake wa kundi la Yes! That's Us, na mwaka 2015 ilionyeshwa kwenye tamasha la filamu la Berlin. Huku kwetu haikusikika. Mimi niliipata kwenye flashi ya mshikaji wangu wa chuo, na nilipokwenda Mbekenyera kusalimia kwa mjomba nikaibeba.

Kwa wasioijua, Mbekenyera iko wilaya ya Ruangwa, mkoa wa Lindi. Wilaya yenyewe ilianzishwa mwaka 1995, ndiyo maana ukizungumza na wazee bado wanakuambia "sisi wa Nachingwea". Ni nchi ya Wamwera, ya korosho na ufuta, na siku hizi ya pikipiki. Pale kijiweni tuliiangalia kwenye laptop yangu vijana kama kumi, mimi nikitafsiri kwa kubahatisha kama Lufufu asiye na kipaji.

Kisa chenyewe ni hiki. Abel ana miaka 15, anaishi na wazazi wake kwenye mtaa wa hali ya chini Kampala. Mama anaponda kokoto kwenye machimbo. Baba, Goodman, anaendesha bodaboda. Siku moja baba anapata ajali, hawezi tena kufanya kazi, na dogo anakabidhiwa pikipiki. Abel anataka hela za haraka, anajichanganya na wahuni, na mwisho wa yote pikipiki inaibiwa. Baba na mwana wanaingia mitaani kuitafuta.

Ukweli sehemu ya wahuni haikunikosha sana, tumeshaiona kwenye filamu nyingi. Ila pale kwenye kokoto, na pale baba anapokaa ndani akimtazama mwanawe akiondoka na kazi yake, kijiwe kizima kilinyamaza. Na hawa jamaa hawanyamazi hata msibani.

Sasa, historia. Mugisha hakuficha alikochota. Mwaka 1948 Mwitaliano Vittorio De Sica alitoa filamu iitwayo Ladri di biciclette, wezi wa baiskeli. Roma imetoka vitani, kazi hakuna. Ricci anapata kazi ya kubandika mabango lakini kwa sharti la kuwa na baiskeli, na yake ameiweka rehani. Mkewe anakusanya mashuka ya ndani, anayapeleka rehani ili baiskeli itoke. Siku ya kwanza tu kazini, baiskeli inaibiwa. Anaitafuta mji mzima na mwanawe Bruno, na mwisho anajaribu kuiba ya mtu mwingine, anakamatwa, anapigwa vibao mbele ya mtoto. Mwenye mali anamsamehe anapomwona mtoto. Mimi naona huo msamaha unamuuma kuliko vile vibao. Na aliyecheza kama Ricci, Lamberto Maggiorani, hakuwa mwigizaji bali mfanyakazi wa kiwandani. Umaarufu ulikuja, kibarua kikaota nyasi, kwa sababu baadaye alipunguzwa kazi kiwandani.

Afrika hatukuchelewa. Mwaka 1963 Ousmane Sembène wa Senegal, aliyekuwa kuli wa bandari Marseille kabla ya kuwa mwandishi, alitoa filamu fupi ya dakika kama 20 hivi, Borom Sarret. Dereva wake ana mkokoteni wa farasi mjini Dakar. Asubuhi anabeba watu wanaoshukuru kwa maneno matupu. Halafu anakuja msifu wa koo, anamwimbia ukoo wake wa mashujaa, na huyu bwana ambaye nyumbani hawajala anatoa hela yote aliyopata. Baadaye abiria mmoja aliyevaa vizuri anamshawishi amvushe hadi mtaa wa wakubwa, ambako mikokoteni imekatazwa. Askari anamsimamisha. Nishani yake ya zamani inaanguka chini, askari anaikanyaga. Mkokoteni unachukuliwa, na abiria keshatoweka bila kulipa.

Mnaona uzi unaoziunganisha? Watu wakisema filamu hizi ni za umaskini wanasema nusu tu. Nusu nyingine ni heshima. Yule wa Dakar angekula na familia yake siku ile kama asingependa kusikia sifa za babu zake. Goodman asingeumia vile kama shida ingekuwa hela peke yake.

Na sisi? Mwanzoni mwa miaka ya 1950, serikali ya kikoloni ya Tanganyika iliileta kampuni ya Afrika Kusini kutengeneza filamu za Kiswahili. Maarufu zaidi ni Muhogo Mchungu, kisa cha mtu wa shamba anayekwenda mjini na kutapeliwa. Nyota wake alikuwa kijana wa Songea anaitwa Rashidi Mfaume Kawawa. Ndiyo, huyo huyo Simba wa Vita. Mwaka 1955 shirikisho la vyama vya wafanyakazi, TFL, lilipoanzishwa, akawa katibu mkuu wake, na mwaka 1962 akawa Waziri Mkuu. Huwa najiuliza aliwaza nini kijana yule akiigiza ushamba mbele ya kamera ya watu wa Afrika Kusini. Filamu ilimcheka mtu wa shamba aliyethubutu kwenda mjini. Muigizaji wake akaishia kuwapigania makuli na vibarua wa mijini.

Watu wa Kusini wameonja sana kicheko hicho. Hata neno "machinga" tunalowaitia wauza bidhaa mikononi nchi nzima limetoka huku, Machinga ya Lindi. Jina la nyumbani kwa watu limegeuka jina la kufukuzana na mgambo! Na kabla ya hapo Waingereza walikuja Nachingwea na mradi wa karanga, 1947 hadi 1951, wakajenga na reli kutoka Mtwara. Karanga ziligoma, reli ikafungwa mwaka 1962 na kung'olewa. Tangu hapo usafiri wa kwetu ukawa miguu, baiskeli na malori yenye huruma.

Ndipo ikaja bodaboda. Jina lilianza kwenye baiskeli za mpaka wa Kenya na Uganda miaka ya 1960, kule Busia, vijana wakivusha watu kutoka "boda" moja hadi nyingine. Pikipiki za bei nafuu za China na India ndizo zilizobadilisha kila kitu. Kenya iliondoa kodi ya pikipiki ndogo mwaka 2008. Kwetu zilijaa kwanza za Kichina, Toyo, hadi kuna mikoa pikipiki yoyote inaitwa toyo, na mwaka 2010 zikaja kanuni za kuzitambua kama chombo cha kubeba abiria, chini ya SUMATRA, ambayo mwaka 2019 ilipisha LATRA.

Kanuni hazikugusa swali la kijiweni: pikipiki ni ya nani? Pale Mbekenyera wapo wachache waliouza ufuta au korosho wakanunua yao. Wengi wanaendesha ya tajiri. Tajiri anaweza kuwa mwalimu, nesi, au mwenye duka, si lazima awe tajiri kweli. Kuna wa hesabu, unapeleka kiasi kila siku na kinachozidi chako. Kuna wa mkataba, unapeleka kila siku kwa mwaka au zaidi, ukimaliza pikipiki inakuwa yako. Halafu chini kabisa kuna deiwaka, anayeshikia kwa siku mwenzake akiumwa. Abel wa kwenye filamu ni deiwaka wa baba yake.

Na abiria wao anategemea zao. Msimu wa korosho ukichangamka, kila mtu anapanda. Mwaka 2018 serikali ilipoamua kununua korosho yenyewe kwa shilingi 3,300 kwa kilo, na jeshi likapelekwa kuzisomba, wakulima wengi walisubiri malipo kwa miezi. Kwenye magazeti tuliandika sana kuhusu mkulima. Sikumbuki habari hata moja kuhusu kijana mwenye mkataba ambaye hesabu ya tajiri haikusubiri hata siku moja.

Mmoja wa waliotazama filamu na mimi, mdogo kwangu kwa miaka miwili, alinyang'anywa pikipiki usiku na abiria aliyembeba. Mkataba ulikuwa umebaki miezi miwili. Kituoni alikwenda, kama Ricci. Kisha akaenda kwa tajiri wake, mama mmoja mtu mzima, akamwomba aendelee kulipa hiyo miezi miwili ya pikipiki ambayo haipo. Mama akamwambia basi mwanangu, yamekwisha, usilipe. Akalipa. Alilima vibarua vya watu kwa msimu mzima, akamaliza. Nilimuuliza kwa nini, wakati mwenyewe alikuwa ameshasamehewa. Akanitazama kama mtu aliyeuliza swali la mjini, kisha akasema nirudishe filamu nyuma kidogo, pale baba anapomkabidhi mtoto ufunguo, alikuwa hajaona vizuri.